Kila Mtu na Dozi Yake

Zamani barazani kwetu tulibishana Simba na Yanga. Siku hizi tunabishania vidonge. Mtu aliyewahi kutamba mtaani kwa mashuti sasa anatamba kwa miligramu.

Baba Asha ni wa metformini, iliyoanza kutibu sukari Ufaransa mwaka 1957. Bei yake nafuu, lakini inamvuruga tumbo, naye anaona fahari: dawa isiyokunguruma tumboni, kwake ni peremende. Mzee Juma yeye anameza empagliflozini, inayozifanya figo zimwage sukari kwenye mkojo. Ilikuja kama dawa ya kisukari, ikaonekana inausaidia hata moyo uliochoka kusukuma damu. Anajisifu kanunua moja kapewa mbili, ila magoli anasimuliwa tu: kila yakifungwa yuko msalani. Mimi wa atorvastatini ya kolesteroli sipewi hata nafasi ya kusema. Eti hiyo ni dawa ya wanaoanza!

Wa kunikera zaidi ni Bosi, mwenye kitambi cha kamati za harusi. Sukari hana, moyo hajaupima, lakini anataka sindano ya kila wiki, semaglutidi. Dawa ni hiyo hiyo, majina mawili: ya kisukari, ya mwaka 2017, ni Ozempic, ya uzito, ya 2021, dozi yake kubwa zaidi, ni Wegovy. Mwaka 2024 Marekani ikaruhusu Wegovy ipunguze pia hatari ya shambulio la moyo na kiharusi kwa wanene wenye maradhi ya moyo. Bosi kasikia neno "wanene" tu, mengine yakampita.

Nikamweleza kwamba sindano ya kwanza ya ukoo huo, eksenatidi ya mwaka 2005, chanzo chake ni kemikali iliyogunduliwa kwenye mate ya mjusi mwenye sumu wa jangwani Marekani. Baba Asha akadakia, "Mijusi? Mbona kwangu wamejaa ukutani, bure!"

Kazi ya sindano ni kukata hamu ya kula, na kichefuchefu ni nyongeza. Yaani Bosi alipe fedha nyingi asione njaa, wakati sisi kila tarehe 25 njaa tunayo, chakula ndicho hatuna.

Na bado wanaombana: "Hebu nigawie kimoja nijaribu." Daktari hutaka kwanza majibu ya figo, moyo na sukari ndipo aandike. Nikiuliza nani kapima figo, wote macho kwenye televisheni, na mpira wenyewe ni mapumziko.