Pua ya Mke Wangu, Lawama Zangu

Pua ni ya mke wangu, na aliyeilipia ni yeye mwenyewe, kwa zamu yake ya chama. Kazi yangu ilikuwa kubeba mkoba, kumpeleka Mombasa na kumrudisha Garsen. Hakuna aliyeniambia kwamba mke akitengenezwa pua, anayekaguliwa ni mume.

Pua hiyo ilipinda tangu utotoni, alipoanguka kutoka juu ya mwembe, jambo ambalo Tana River halimshangazi mtu. Daktari alikata mfupa, akaunyoosha, akaufunika kwa gamba jeupe. Macho hakuyagusa, lakini kulipokucha yote mawili yalikuwa yamevimba na damu imevilia kuyazunguka. Alitueleza: mfupa wa pua ukikatwa, damu huvuja chini ya ngozi na kuteremka, na ngozi ya chini ya macho ndiyo nyembamba, ndiyo inayoipokea. Mtu wa Garsen hahitaji darasa hapo. Mvua hunyesha Aberdare na Mlima Kenya, Mto Tana hufurika, na wanaohama nyumba ni sisi wa huku chini ambao hata wingu hatukuliona.

Basi letu lilipita Malindi salama. Mbele kidogo, kwenye kizuizi, tukateremshwa kuonyesha vitambulisho. Askari akatazama picha, akatazama uso, akairudia picha. Kisha akanitazama mimi.

“Mama, huyu ni nani wako?”

“Mume wangu.”

“Ahaa.”

Mke wangu alijaribu kueleza, lakini kwa ile pamba puani sauti ilitoka kama ya aliyelia usiku kucha. Tuliporudi ndani, mama mmoja mtu mzima alikuwa amekaa kiti changu. Akanionyesha cha nyuma kabisa, karibu na magunia, bila kusema neno.

Garsen habari ilitutangulia. Sokoni nilinunua nyanya kwa bei ambayo sijawahi kuuziwa. Magharibi mzee wa mtaa akapita, eti anapita tu, akakaa mpaka chai ikaisha, akiuliza afya ya kila mtu nyumbani, na ya mke wangu akiiuliza mara mbili. Sikuwachukia. Mwanamke akipita na macho yaliyovilia damu na soko zima likanyamaza, hapo ndipo pa kuogopa. Ila nyanya zilikuwa ghali.

Daktari alituachia masharti. Kwa saa 48 za mwanzo, barafu iliyofungwa kitambaani, iwekwe mashavuni na kando ya macho, isiguse pua yenyewe. Alale chali, kichwa juu ya mito miwili au mitatu. Asiiname, asibebe kizito, asipenge kamasi, na chafya ikija aitoe kwa mdomo wazi. Aspirini marufuku, maana huzuia damu kuganda na uvimbe wa damu huzidi.

Mito ilipatikana, usufi haujakwisha Pwani. Barafu ndiyo iliyonitoa jasho. Umeme ulikuwa umekatika, na friji ya dukani ilikuwa na soda vuguvugu tu. Nikamwendea muuza samaki anayeleta mzigo kutoka Kipini, akanichotea barafu toka chini ya kolekole. Uvimbe ulipungua, siwezi kusema uongo. Lakini paka wa mtaa mzima walihamia dirishani kwetu, na mgonjwa, ambaye pua yake ilikuwa imezibwa, ndiye pekee nyumbani asiyejua sababu.

Kisha akaja mama mkwe, na sufuria.

Kwa mama mkwe, uvimbe wowote duniani una dawa moja: maji moto, chumvi, na kitambaa cha kukandia. Akakunja mikono. Ndani ya lile gamba kulikuwa na mfupa uliotoka kukatwa, usiotakiwa hata kuwekewa miwani, na yeye amekuja kuukanda. Nami ni mkwe. Mkwe hambishii mama mkwe, hukohoa tu. Nikakohoa sana. Jacques Joseph, yule daktari wa Berlin aliyeripoti kupunguza pua kwa kisu mwaka 1898, ningependa kujua wakwe wa wagonjwa wake aliwafanya nini.

Aliyeokoa ni mgonjwa. “Mama, miguu ndiyo inayouma. Tumekaa mno kwenye basi.” Mama akaikanda miguu kwa bidii iliyokuwa imeandaliwa kwa ajili ya pua.

Weusi ukageuka kijani, kijani kikawa manjano, maana mwili huivunja ile damu taratibu, na kila rangi ilikuja na wageni wake wa kuichungulia. Wiki ya kwanza ikaisha, gamba likatolewa. Pua imenyooka, ingawa ncha bado nene. Daktari anasema uvimbe wa ncha huweza kuchukua hata mwaka mzima. Bei ya nyanya imeshuka. Mzee wa mtaa amerudi kuuliza, kwa niaba ya mtu ambaye hakumtaja, operesheni kama hiyo ni shilingi ngapi.

Mama mkwe naye anawaeleza majirani kwamba hospitali iliharibu, yeye akanyoosha kwa chumvi. Juzi alinitazama usoni kwa muda, kushoto, kulia, akauliza ile sufuria kubwa iko wapi. Nikakohoa.