Namna ya Kujianika: Mwongozo kwa Watu wa Karagwe na Kyerwa

Kwanza hakikisha unaamini kwamba hapa kwetu hakuna jua. Jua ni la Dodoma, la Shinyanga, la Dar es Salaam ambako mtu hulowa jasho akiwa amekaa tu. Sisi tuna ukungu wa asubuhi na upepo wa vilimani, na kijana wa bodaboda pale Omurushaka amevaa koti zito kinyumenyume, zipu mgongoni, saa nane mchana. Mahali pa kuvaa koti saa nane mchana, jua lake litamuunguza nani? Shikilia imani hiyo, maana bila hiyo mwongozo huu wote hautakusaidia.

Wataalamu watakusumbua kidogo. Watakuambia kwamba mionzi inayounguza ngozi, ile ya urujuanimno, siyo inayoleta joto. Joto unalisikia papo hapo, lakini mionzi unaisikia jioni ukijipaka mafuta na uso unawasha. Watasema kila ukipanda mita 1,000 mionzi hiyo huongezeka kwa asilimia 10 hivi, na vilima vyetu vinapita mita 1,500. Tena tuko nyuzi moja na nusu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo katikati ya Machi, na tena mwishoni mwa Septemba, jua hupita utosini hasa, na kivuli chako hukosa pa kukaa isipokuwa chini ya nyayo zako. Upepo unakupuliza, unajiona uko salama, kumbe unaiva. Wasikilize kwa adabu, waage, uende ukafue.

Kufua kuna wakati wake. Ushauri unaotolewa kila mahali ni kukaa kivulini kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Waliotunga ushauri huo hawakuijua saa ya Kayanga. Saa ya Tanzania imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita huko karibu na Mogadishu, ilhali sisi tuko kwenye nyuzi 31 hivi. Matokeo yake, redio inapotangaza saa sita kamili, jua la Karagwe bado linapanda. Kileleni linafika karibu saa saba. Vuka Mto Kagera uingie Rwanda, ambako saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, ulikute jua lilelile likifika juu saa sita kama linavyotakiwa. Hivyo ndugu yetu anayejificha saa sita na kutoka saa saba amelikwepa jua likiwa njiani, akatoka kulilaki lilipowasili. Huyo ndiye wa kuigwa. Beba beseni lako saa saba.

Kitenge kipya kianike uso juu, kamba iwe katikati ya uwanja, na ukiache pale hadi jioni. Kukigeuza ndani nje ni uoga. Kikipauka upande mmoja, utakuwa na vitenge viwili kwa bei ya kimoja. Ukiona kamba imejaa, tandaza zilizobaki kwenye majani au juu ya ua. Yuko nzi ambaye hupenda kutaga mayai kwenye nguo mbichi iliyotandazwa chini, hasa palipo na kivuli, na funza wake huingia kwenye ngozi ya mvaaji na kuota kama jipu. Dawa yake ni kuanika juani kwenye kamba na kupiga pasi, mishono pamoja na nepi za mtoto. Lakini mkaa ni ghali siku hizi, na jipu ni la bure. (Utomvu wa ndizi usiuhangaikie. Jua haliutoi, sabuni haiutoi, na shati lenye utomvu ni la shambani tangu siku hiyo.)

Maji ya kunywa yaweke kwenye chupa za plastiki zisizo na rangi, zilaze juu ya bati kwa saa 6 za jua kali, au siku 2 mfululizo kama kuna mawingu, na vijidudu vingi vitakufa. Hili silitanii, linafanya kazi, mradi maji yasiwe ya tope. Mionzi ileile inayomaliza vijidudu vya kuharisha ndani ya chupa ndiyo uliyosema haiwezi kukufanya kitu wewe uliyepanda juu ya bati kuzipanga chupa hizo.

Sasa tuje kwenye kahawa, maana hapa ndipo mtu wa Karagwe anapoonyesha kwamba jua analijua vizuri kuliko hao wataalamu. Msimu wa kiangazi, kuanzia Juni, kila uwanja una turubai au kichanja. Kahawa ya maganda haitupwi tu juani. Inatandazwa nyembamba, inageuzwa mara kwa mara kwa mkono, inafunikwa wingu likitokea na usiku lazima ifunikwe ili isilambwe na umande. Ikianikwa kwenye udongo inashika harufu ya udongo, na mnunuzi ataijua. Ikikaushwa kwa pupa inapasuka. Baada ya wiki mbili au tatu unachota kiganjani, unatikisa karibu na sikio, unasikiliza punje zikicheza ndani ya ganda. Halafu unang'ata moja. Mama anayefanya hivyo ana elimu ya mionzi, unyevu na muda ambayo haipatikani darasani. Anajua nusu siku ya ziada inaharibu nini.

Mwangalie vizuri mama huyo. Kichwani hana kitu. Khanga iliyokuwa ya kujitanda ameifunikia kahawa.

Maharage nayo yana mlinzi wake, mtoto mwenye fimbo dhidi ya kuku. Paneli ya sola inafutwa vumbi kwa kitambaa safi na kusogezwa kufuata jua, asubuhi mbele ya nyumba, mchana upande wa choo. Kiti cha pikipiki kinafunikwa ngozi yake isipasuke. Hata godoro la mtoto aliyekojoa linageuzwa pande zote mbili, mbele ya majirani wote, kwa faida ya malezi. Ni mwenye nyumba tu anayebaki amesimama pale katikati hadi jioni, wala hageuzwi.

Kwa upande wa ngozi basi, fuata taratibu zilizopo. Mzee wa Kagera anayejiheshimu hutembea na koti na mwavuli. Mwavuli huo ni wa kuning'iniza mkononi, kuonyeshea njia na kufukuzia mbwa. Kuufungua wakati hakuna mvua ni kujidhalilisha mbele ya wakwe. Akina mama wenye watoto mgongoni wanaufungua bila aibu, na ndiyo maana hawapewi nafasi ya kuzungumza kwenye vikao vya ukoo.

Usoni paka mafuta ya mgando hadi ung'ae. Hayazuii jua hata kidogo, lakini picha inatoka vizuri. Ukiletewa losheni ya kukinga jua na shemeji aliyeko mjini, soma namba kwenye chupa. Namba 15 inazuia kama asilimia 93 ya mionzi inayounguza, namba 30 kama asilimia 97, kwa masharti kwamba unapaka nyingi na unarudia kila baada ya saa mbili. Wewe paka tone moja Jumapili kabla ya ibada, chupa ikae miaka mitatu kabatini, kisha uwaambie watu kwamba haifanyi kazi.

Kwa wanaoona haya yote yanachelewa, upo mkorogo. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na bado mkorogo una wauzaji wake, unachanganywa na kukabidhiwa kwenye kikopo kisicho na jina. Unaondoa melanini, ile kinga ambayo ngozi nyeusi ilizaliwa nayo bila kulipia. Ukishaiondoa, toka nje saa saba. Uso wa Fanta, vifundo vya Coca-Cola, na madoa mapya ambayo yatahitaji kikopo kingine. Muuzaji atakupokea kama mwanawe.

Kejeli niiweke kando kidogo, kwa sababu wako majirani zetu waliozaliwa bila melanini hiyo. Kwa mtu mwenye ualbino, kofia pana, mikono mirefu na losheni ni dawa, na saratani ya ngozi imewaondoa wengi wao mapema mno. Pale Moshi, hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun kwa ajili yao. Mwalimu anayemkalisha mtoto wa namna hiyo mstarini uwanjani bila kofia, eti kofia si sare, huyo hahitaji mwongozo wa kejeli. Anahitaji kikao na wazazi.

Ipo pia njia ya kifalme ya kulikwepa jua: kukaa ndani na kunywa maziwa. Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Mukama Rumanyika wa Karagwe, akaingizwa nyumbani kwa kaka yake mfalme. Alimkuta mke wa mwenye nyumba amenenepeshwa kwa maziwa hadi hawezi kusimama. Mgeni akaanza kumpima mwili na kuandika vipimo, tabia ambayo leo ingemfikisha kwa mtendaji wa kijiji. Lakini hakuandika popote kwamba bibi huyo alikuwa ameungua na jua. Tatizo ni ng'ombe wangapi unao.

Asiye na ng'ombe ajifunze mpangilio wa uokoaji wingu jeusi likitokea, maana mvua za Septemba hazibishi hodi. Kwanza kahawa. Pili maharage. Tatu paneli ya sola, kisha kitenge kama bado kina rangi, kisha godoro. Watoto wataingia wenyewe wakisikia harufu ya chakula. Mume, kama bado amelala chini ya mparachichi na redio kifuani, ingiza redio.