Uainishaji wa Kurudi Nyuma: Utangulizi wa Elimukinyume katika Miinuko ya Buha

Elimukinyume ni tawi la maarifa ambalo mpaka leo halijapata kitivo wala bajeti. Wataalamu wake wachache wanakubaliana jambo moja: kiumbe hurudi nyuma kwa njia nyingi, na nyingi kati ya hizo hazihitaji daktari. Makala haya yanapendekeza madaraja manne, yakipimwa kwa vigezo viwili: nani aliyetaka, na je, miguu ilishirikishwa? Eneo la utafiti ni Kumsenga, wilayani Kibondo, pamoja na miinuko inayoelekea Kasulu, ambako ardhi humsaidia mtafiti kwa kukataa kulala sawasawa.

Daraja la Kwanza: Urejeo wa Hiari. Mfano halisi ni mkwe anayekutana ghafla na mama mkwe wake kwenye kinjia chembamba katikati ya migomba. Hurudi hatua mbili tatu, huingia shambani, huinamisha kichwa, na heshima hupita. Aliyetaka ni yeye, na miguu ilipewa taarifa. Humu humu huingia timu inayoshinda kuvuta kamba, mchezo ambamo bingwa hurudi nyuma na aliyeshindwa husonga mbele. Wahutubiaji wanaotuhimiza kusonga mbele kila uchaguzi hawajalijibu hili. Mbuzi anayeburutwa mnadani naye ni wa daraja hili: anavutwa mbele, lakini nia yake yote iko nyuma. Kamba ikikatika, yeye, mnunuzi na mabingwa wote huhamia daraja linalofuata bila kuaga.

Daraja la Pili: Urejeo wa Mteremko. Hapa mtakaji ni ardhi. Baiskeli iliyobeba ndizi ikifika katikati ya mlima juu ya udongo mwekundu uliolowa, mwenye nayo hujikuta anasindikizwa kurudi alikotoka. Lori la maharage hufanya hivyo hivyo kwa sauti kubwa zaidi, utingo akikimbia na jiwe la kuweka nyuma ya tairi. Msimu wa utafiti ni mvua za Oktoba hadi Mei. Lami ya barabara ya Kidahwe, Kasulu, Kibondo hadi Nyakanazi imewapunguzia watafiti sampuli, hasara ambayo abiria wameipokea kwa utulivu.

Daraja la Tatu: Urejeo wa Kiofisi. Barua hupanda meza kwa meza, kisha hurudi ilikoanzia kwa kukosa muhuri. Haina miguu, kwa hiyo kigezo cha pili hakiihusu. Mjadala unaendelea, na mwombaji ameambiwa aje kesho.

Daraja la Nne: Retropalsheni. Hili ndilo daraja la kitabibu, na hapa msomaji aache kucheka kidogo. Hakuna aliyetaka, ardhi iko sawa, na miguu haikushirikishwa. Mzee anasimama kutoka kwenye kigoda, au anavuta mlango, au anainua uso kutazama dari. Mwili unaegemea nyuma, naye anaufukuzia kwa hatua fupi fupi za haraka mpaka ukuta umzuie au aanguke.

Mwaka 1817, jijini London, James Parkinson alieleza wagonjwa 6 waliotetemeka, wakainama na kuelekea kukimbia mbele bila kupenda. Jean-Martin Charcot, katika hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, alionyesha upande wa pili: mgonjwa akivutwa nguo kidogo kwa nyuma, anarudi kinyumenyume asiweze kujizuia. Chanzo cha kurudi huko, katika ugonjwa uliopewa jina la Parkinson, ni kufa kwa chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, na kudhoofu kwa ule wepesi wa mwili kujirekebisha unapoyumba.

Kipimo chake ni cha mkono. Daktari humweleza mgonjwa kwanza, husimama nyuma yake, kisha humvuta mabega kwa nguvu ya ghafla, akiwa tayari kumdaka. Hatua moja au mbili, hakuna neno. Tatu hadi tano, dalili ndogo. Asiyepiga hatua hata moja na kuanguka kama gogo ni wa kuhofiwa zaidi. Kipimo hiki kisijaribiwe na wajukuu.

Madaktari wengine hutumia neno retropalsheni kwa mambo mengine, jambo linaloudhi wanaelimukinyume. Kwa daktari wa njia ya mkojo, ni jiwe linalokimbilia juu kuelekea kwenye figo linapopigwa leza. Kwa daktari wa uti wa mgongo, ni kipande cha mfupa uliopasuka kilichosukumwa nyuma hadi kwenye mfereji wa uti, ajali inayoweza kumpata mkwezi anayeanguka kutoka kwenye mchikichi.

Faida ya mpangilio huu ni kutenganisha daraja la nne na uzee, pombe na kurogwa, makabati matatu ambamo familia nyingi humtupia mgonjwa. Utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta wagonjwa 33 wa Parkinson kati ya watu zaidi ya 161,000, na wengi wao hawakuwa wametambuliwa kabla. Anayeanguka kinyumenyume mapema mno, kabla ya dalili nyingine, huenda ana ugonjwa tofauti. Na baadhi ya dawa za akili na za kuzuia kutapika huleta hali hii pia, kwa hiyo vidonge anavyomeza viende naye hospitali.

Levodopa, dawa kuu, imo pia kwenye mbegu za upupu, mmea ambao mpaka sasa tuliuheshimu kwa kuwasha tu; asiutafune mtu, kwa kuwa kiasi chake hakipimiki. Nayo levodopa hulegeza ukakamavu vizuri kuliko inavyozuia kuanguka nyuma. Kazi inayobaki ni ya nyumbani: babu asiitwe kwa nyuma akageuka ghafla, vitu vyake viwekwe usawa wa kifua, na anapofungua mlango asimame upande, mguu mmoja mbele.