Nusu ya Saba

Kabla sijaondoka Dar es Salaam, ukoo mzima uliniandaa kwa baridi. Mama alininunulia mablanketi mawili Kariakoo, shangazi akaleta soksi za sufu alizozitoa sijui wapi, na mjomba, ambaye hajawahi kuvuka Chalinze, alinieleza kwa kina jinsi masikio ya mtu yanavyoganda Ulaya yakadondoka. Nilitua Hamburg mwezi wa Julai. Nyuzijoto 27. Nilitoka uwanja wa ndege nimevaa makoti mawili, maana sanduku lilishajaa mablanketi, na jasho lilinitiririka kama mpiga debe wa Mbagala. Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu 2010, lakini dada huyu hakuja kunipokea.

Kuhusu jiko, hakuna aliyenionya.

Tangazo la nyumba lilisema wazi: chumba na sebule, bafu, bila jiko. Mimi mtoto wa Magomeni sikushtuka. Bila jiko, yaani jiko liko uani: mnapika kwa zamu na wapangaji wenzako, mnaazimana chumvi, mnasengenyana kidogo, maisha yanakwenda. Nikasaini. Siku ya kukabidhiwa funguo nilikuta mabomba mawili yametokeza ukutani, na sakafuni alama ya mraba palipokuwa na friji. Nikateremka uani kulitafuta jiko. Nikakuta baiskeli na mapipa ya taka ya rangi nne.

Ndipo nikaelezwa kwamba Ujerumani mpangaji akihama, mara nyingi anahama na jiko lake lote: sinki, makabati, mpaka bomba la kunawia. Aliyenitangulia alikuwa mtu wa kukamilisha mambo. Alibeba na taa, akaacha nyaya zinaning'inia darini kama ndevu za beberu.

Jioni nikampigia mama.

"Umepata nyumba, baba?"

"Nimepata, mama. Ila haina jiko."

Kimya. Kisha akavuta pumzi ya mtu aliyeisubiri nafasi hiyo kwa miaka. "Si ndiyo tunayokwambia kila siku, mwanangu? Una miaka thelathini na minne."

Mwezi mzima nilipikia sakafuni, kwenye jiko la umeme la sahani moja, na vyombo nikaoshea bafuni. Taa sikuwa na haja nayo sana, kwa kuwa jua la Julai kule huzama karibu saa nne usiku. (Mama hakuamini hilo. Alidhani nimeanza kunywa.) Makaratasi nayo yalikwenda vizuri: sheria inataka ujiandikishe anwani yako ndani ya wiki mbili, nikajiandikisha, na barua ya kwanza kuingia kwenye sanduku langu ikanikaribisha kwa kunidai euro 18.36 kila mwezi, ada ya redio na televisheni. Nikaeleza kwamba sina redio wala televisheni. Nikajibiwa kwamba inayolipa ni nyumba, si redio. Nyumba isiyo na hata balbu.

Sasa kazi. Nilikuwa nimeajiriwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na lugha haikunitisha. Nilikuwa na cheti. Tena nilijipa moyo kwamba Wajerumani walituachia neno shule, na hata hela yetu asili yake ni heller, kisarafu chao cha enzi za ukoloni. Nikaona lugha iliyotupa shule na hela haiwezi kunitupa mimi. Siku moja kabla ya kuanza, msimamizi akanipigia simu. Alizungumza kwa kasi, nikaitikia kila alipopumua, na mwisho akasema: "Morgen, halb sieben." Akakata.

Kichwa kikachapa kazi. Morgen: kesho. Halb: nusu. Sieben: saba. Kesho, saa saba na nusu. Zamu ya mchana! Nikamshukuru Mungu, nikalala fofofo, nikaamka saa tatu, nikapiga pasi shati, nikala wali na maharage ya kutosha ili nisionekane mwenye njaa siku ya kwanza. Saa saba na dakika ishirini nilikuwa mlangoni. Dakika kumi kabla ya wakati! Nilijisikia Mjerumani kabisa.

Koridoni nikakutana na kaka mmoja amebeba sinia. Akaniambia, "Mahlzeit!" Neno lenyewe ni mlo, chakula. Nikaguswa na ukarimu ule. Nikaweka mkono kifuani: "Asante sana, endeleeni tu, mimi nimeshakula." Baadaye niliambiwa kwamba hiyo ni salamu yao ya mchana, hakuna aliyenikaribisha chochote. Yule kaka alinitazama, akaitazama saa ya ukutani, akanitazama tena.

Msimamizi hakufoka. Laiti angefoka. Alichukua karatasi, akachora duara, akaweka mishale, akanieleza polepole kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Halb sieben si saba na nusu. Ni nusu ya kuiendea saba: sita na nusu, tena sita yao, ya asubuhi. Kwa Kiswahili saa kumi na mbili na nusu, jogoo bado anakohoa. Nikapiga hesabu pale pale. Nilikuwa nimechelewa saa saba kasoro dakika kumi. Saba ilikuwemo, ila si mahali pake.

Tangu siku hiyo nikiambiwa saa nahesabu kwa vidole: ondoa nusu, kisha vuka upande wa pili wa duara. Wazee wakidhani nasali, siwasahihishi. Nao wana yao. Mmoja, wa miaka 91, nilimwita Opa, yaani babu, kwa heshima zangu zote. Akaweka kikombe chini. "Wajukuu wangu ni watatu," akasema. "Wewe humo." Heshima kule ni kumwita mtu Bwana na jina la ukoo wake. Kwetu mzee anaitwa hivyo na karani wa mahakama.

Oktoba ilinikuta na sinki, taa mbili, na kinu. Kinu nilitoka nacho nyumbani, kidogo, cha kutwangia vitunguu saumu. Jumapili moja, saa nne asubuhi, nikaamua kupika pilau. Nimetwanga dakika tano, mlango ukagongwa. Bibi wa ghorofa ya chini. Kwetu jirani akipiga hodi humuulizi shida yake kabla hajakaa, kwa hiyo nilimkaribisha kwa mikono miwili, nikampa kiti changu pekee, nami nikakaa juu ya sanduku. Kila alipofungua mdomo nilimwongezea chai. Pilau ilipoiva akala sahani mbili, akauliza kuhusu iliki, akasifu.

Kisha akajifuta midomo, akatoa mfukoni kanuni za nyumba, akaikunjua karatasi, akaweka kidole: Jumapili, kelele marufuku. Marufuku kutoboa ukuta, marufuku kugongagonga. Hata chupa tupu hazitupwi kwenye kontena la vioo siku hiyo, maana zinalia. Iliki zangu za mwisho hazikumlegeza hata kidogo. Kwa kweli nilimvulia kofia. Mimi nikishalishwa siwezi kumlalamikia mtu hata akinibomolea ukuta.

Akiwa mlangoni akageuka: Jumapili ijayo nije kwake kwa kahawa. "Halb vier," akasema.

Nikaitikia kama mtu aliyeelewa, nikafunga mlango, nikatoa vidole. Vier ni nne. Ondoa nusu: tatu na nusu. Vuka: tisa na nusu. Ya alasiri au ya usiku? Nikaamua alasiri.

Jumapili ilipofika, saa tisa na robo nilikuwa ngazini mbele ya mlango wake, mikononi sahani ya mandazi. Sikugonga. Taa ya ngazi katika jengo letu hujizima yenyewe baada ya dakika chache. Ikazimika, nikaiwasha kwa kiwiko, ikazimika tena. Mara ya nne nikaacha, nikasimama gizani na mandazi yangu. Mlango ukafunguka. Bibi akanitazama, akatazama mandazi, akainua mkono akaangalia saa yake.

"Bado dakika mbili," akasema, akaurudisha mlango taratibu.