Shemeji Anasubiri Mtahini, Mimi Nasubiri Sebule

Jamani, nani aliwadanganya kwamba ukioa unaoa mke? Unaoa ukoo mzima, na ukoo niliooa mimi una rubani. Leseni anayo, hata ya biashara anayo. Kazi ndiyo hana. Na kazi hapati mpaka awe mwalimu wa marubani, na ualimu haupati mpaka afanye mtihani, na mtihani kila ukikaribia unaahirishwa. Sasa wakati unaahirishwa yeye analala wapi? Umeshajibu. Kwangu, hapa Texas. Sebuleni. Kwenye sofa lililokuwa langu.

Niliuliza, kwani rubani mwenye leseni hawezi kwenda tu kwenye shirika la ndege akapewa ndege? Mimi mbeba boksi nitajuaje. Shem akanielewesha polepole, maana anajua anaongea na nani. Mtu akipata leseni ya biashara anakuwa na saa kama 250 za kuruka. Mashirika makubwa huku Marekani kwa kawaida yanadai saa 1,500. Sheria ilikazwa mwaka 2013, baada ya ajali ya ndege iliyotokea karibu na Buffalo mwaka 2009. Hizo saa za katikati utazipata wapi? Kukodi ndege ni hela ya kuuza figo. Kwa hiyo wengi wanakuwa walimu. Mwanafunzi analipa, saa zinaandikwa kwenye daftari lake na kwenye la mwalimu pia. Nikasema, kwa hiyo aliyejifunza juzi ndiye anamfundisha wa leo? Akasema ndiyo, shemeji. Tangu siku hiyo nikisikia kandege kanapita juu ya paa, naingia ndani.

Sasa mtihani wenyewe. Wa kuandika alishamaliza, tena miwili, mmoja wa namna ya kufundisha na mwingine wa mambo ya ndege. Umebaki wa vitendo. Mimi nilidhani mtahini ni mtu wa serikali, yuko ofisini na chai yake, unagonga mlango. Wapi! Mamlaka ya anga, FAA, inateua marubani wazoefu watahini kwa niaba yake, na ada wanajipangia wenyewe. Watahini ni wachache, wanafunzi ni rundo. Ukipewa tarehe unaing'ang'ania kwa mikono miwili. Halafu mawingu yanashuka chini, mtahini anakupigia simu, tarehe imekwenda na maji. Unaanza foleni upya.

Basi kwetu yalianza mawingu. Ukaja upepo. Ukaisha upepo, ikaja zamu ya ndege yenyewe, kwa sababu ndege ya kukodi ya kufundishia lazima ikaguliwe kila ikitimiza saa 100, na saa zikatimia wiki ile ile. Fundi akafungua kifuniko cha injini, akakuta alichokikuta. Ndege ikapona, mtahini akasafiri. Kila tarehe ikisogea, mama watoto anapika pilau la kumpa moyo mdogo wake. Na mimi nina moyo. Hakuna aliyewahi kuuliza unaendeleaje.

Halafu kuahirishwa kwenyewe kunakula hela. Kanuni inataka awe amepata mafunzo ndani ya miezi miwili ya kalenda kabla ya mwezi anaoomba mtihani. Tarehe ikisogea sana, anarudi angani na mwalimu wake kujifunza anachokijua. Saa ya ndege inalipiwa, saa ya mwalimu inalipiwa. Anayelipa ni nani? Usinichekeshe, nina vidonda vya tumbo.

Hayo ya hela ningeyavumilia. Shida ni kwamba mtu anayesubiri mtihani wa ualimu anatakiwa afanye mazoezi ya kufundisha. Na ili ufundishe lazima apatikane mjinga. Nyumba nzima ikanigeukia.

Kwanza ukaja ubao mweupe na maka peni. Ukaegemezwa wapi? Juu ya runinga. Mechi ya Simba na Yanga huku inaangukia asubuhi, ndiyo kwanza natoka zamu ya usiku, macho mekundu, nataka kuona mpira. Nakuta bawa limechorwa, mishale minne inaelekea pande nne. Shemeji, karibu ukae, leo tuna somo. Unamkatalia vipi shemeji yako mbele ya dada yake? Nikakaa. Ubao ukanifundisha kwamba bawa linabeba ndege kwa sababu linaisukuma hewa chini. Goli likafungwa nyuma ya ubao. Mpaka leo sijaliona.

Kisha ikaja ndege yenyewe. Viti viwili vya mezani, kandambili mbili chini ndizo pedali, mfuniko wa sufuria ndiyo usukani. Mwanafunzi anakaa kushoto, mwalimu kulia, na mwalimu lazima azoee kuruka kutoka kulia huku mdomo unaongea bila kukatika. Mimi kushoto. Nikiongeza moto tu kwenye kurusha, ananipigia kelele: mguu wa kulia! Eti propela ikizunguka, pua ya ndege inataka kukimbilia kushoto, unairudisha kwa mguu wa kulia. Sababu akanitajia nne. Nilizoshika ni sifuri. Nakanyaga kandambili. Kanyaga zaidi! Nakanyaga zaidi. Umetutoa nje ya njia, shemeji. Wanangu wapo kwenye sofa, abiria, wanashangilia. Kila jioni naua familia yangu sebuleni kabla ya kwenda kazini. Juzi ghalani niko juu ya foklifti, bosi ananiuliza mbona unasema peke yako. Nilikuwa nasema mguu wa kulia.

Ikaja siku ya uzito. Kabla ndege haijaruka lazima upige hesabu ya mzigo wote na mahali ulipokaa. Kandege kao ni Cessna 172, mwisho wake kwa aina ile anayorukia ni paundi 2,550, na humo kuna ndege yenyewe, mafuta, watu na mabegi. Shem akataka mfano halisi. Mizani ikatolewa bafuni. Binti yangu ndiye aliyesoma namba, kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Mama watoto yeye akataja uzito wake kwa mdomo, na hakuna aliyethubutu kumpandisha kwenye mizani. Shem akajumlisha, akanyamaza, akafuta, akajumlisha tena. Akasema shemeji, ukipanda wewe na dada tukae watatu, itabidi mafuta tupunguze. Na kama ni Agosti ndiyo balaa, hewa ya Texas ikiwa moto inakuwa nyepesi, bawa halipati cha kushika, ndege inachelewa kunyanyuka. Kwa hiyo kuna mimi, na kuna Agosti, na mmoja wetu abaki nyumbani.

Mezani napo hakuna amani. Anayetaka ualimu lazima awe amefundishwa ndege ikipoteza nguvu ya bawa na kuanguka huku inajizungusha kama pia, na namna ya kuitoa humo. Tunakula. Shem ananyanyua kijiko, kinashuka kinazunguka juu ya bamia. Punguza moto! Usukani katikati! Mguu wa upande wa pili! Sukuma mbele! Kijiko kikatoka salama. Ugali wangu ndio uliotaka kutoka.

Lakini kilichonimaliza ni saikolojia. Kumbe nusu ya ualimu wa ndege haina ndege. FAA ina kitabu cha walimu, na humo binadamu kachambuliwa mpaka utumbo. Kujifunza kuna ngazi nne: kukariri, kuelewa, kutumia, halafu kuoanisha jambo na jambo. Shem akanipima. Niko kukariri. Binti yangu wa darasa la nne akapewa kuoanisha. Nikasema mtihani haukuwa wa haki. Akafungua kitabu: hapo, shemeji, unakataa ukweli, imo. Nikasema basi nimechoka, nitajibu kesho. Imo. Nikasema mwenye makosa ni mwalimu. Hiyo ndiyo imo kabisa, kumtupia mwingine lawama. Ndugu yangu, umewahi kugombana na mtu ambaye hasira zako zote anazo kwenye kitabu, na ukurasa anaujua?

Mama mkwe naye yuko Tanga, anapiga simu ya video. Haniulizi mimi habari. Baba, mwanangu ameshapewa ndege? Namwambia bado mama, upepo. Anasema upepo gani huo miezi yote, huko Marekani hamna watu wa kufanya kazi? Nimegeuzwa msemaji wa hali ya hewa.

Hatimaye wiki iliyopita siku ikafika. Anga jeupe. Ndege nzima. Mtahini mzima. Shem akatoka alfajiri na begi la vitabu na ubao wangu. Maswali ya mdomo peke yake yakachukua asubuhi yote yakala na mchana, maana mtihani huu wa kwanza wa ualimu maswali yake ndiyo marefu kuliko yote. Akafundisha bawa, akafundisha mguu wa kulia, akafaulu. Wakatoka nje kwenda kuruka. Upepo ukainuka, unapiga njia ya ndege ubavuni. Wakarudi ndani. Mtahini akamwandikia barua kwamba mtihani umesitishwa, aliyofaulu yanahesabika, kilichobaki akimalizie ndani ya siku 60. Asipomaliza, anaanza mwanzo, na maswali yote.

Mama watoto akaenda kuloweka mchele.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza liende FAA: ongezeni watahini. Usalama wa anga mtaujua wenyewe, mimi naomba runinga. La pili ni lako wewe unayenisikiliza. Shemeji akikwambia anakuja kwako mara moja tu kufanya mtihani wa ndege, mkaribishe, mchinjie hata kuku, ila kwanza muulize kama mtahini amethibitisha tarehe. Kama hajathibitisha, mkodishie chumba. Ni rahisi kuliko pilau.