Jinsi ya Kuiharibu Silikoni kwa Heshima

Kwanza tafuta kihisi cha chembe kisicho na dosari: silikoni ya unene wa mikroni 150, pikseli za mikroni 50 kwa 50, na bei ambayo hutaitaja nyumbani. Sasa kiharibu.

Usitumie nyundo, nyundo haina vipimo. Kipeleke Ljubljana, Slovenia, kikamiminiwe nyutroni katika kinu cha nyuklia cha TRIGA cha Taasisi ya Jožef Stefan, au kwenye maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kwenye protoni za mashine ya kuongeza kasi ya PS. Dozi yenyewe? Tabaka la ndani kabisa la kitambuzi kipya cha ATLAS, jaribio la CERN, litapigwa na chembe zenye madhara sawa na ya nyutroni 10,000,000,000,000,000 na ushei kwa kila sentimita mraba, nacho kihisi chako kionje hizo hizo. Hesabu sifuri taratibu, mwendesha kinu hatakuuliza mara mbili. Atomi zitang'oka mahali pake, mkondo wa umeme uanze kuvuja, na elektroni zinaswe njiani kabla hazijafika.

Hongera. Umepata kilema, na kuanzia leo utakilea zaidi kuliko ulivyokilea kilipokuwa kizima. Makao yake ni friza. Kila ukishusha joto nyuzi saba hivi, mkondo unaovuja hupungua kwa nusu. Ukikiacha kipate joto huku kina umeme, mkondo utaongeza joto, joto liongeze mkondo, na mchezo utaisha kwa harufu. Mpulizie naitrojeni kavu mtoto huyu, maana umande na volti 600 havikai chumba kimoja. Siku moja tu utampasha moto: dakika 80 kwenye nyuzi 60, kama wanavyofanya wenzako duniani kote. Usizidishe. Joto kidogo humponya, likizidi humrudisha kitandani.

Kisha omba zamu kwenye mwale wa chembe za pioni wa SPS, mashine nyingine ya CERN, kwa upande wa Ufaransa. Utapewa saa nane usiku. Panga vihisi vizima mbele na nyuma ya mgonjwa wako. Wao ndio mashahidi. Wakisema chembe imepita, naye aulizwe kama ameiona. Kwa kawaida anatakiwa kuona asilimia 97 ya chembe, alama ambayo wengi wetu hatukuipata shuleni hata bila kupigwa protoni.

Akipata 96, usilie. Ongeza volti. Au kama ni kihisi cha 3D, aina iliyobuniwa na Sherwood Parker na wenzake miaka ya 1990, kiinamishe kidogo. Nguzo zake za umeme zimezama ndani ya silikoni, na chembe inayoshuka wima ndani ya nguzo huweza kupita bila kuonekana. Ikipita kimshazari, inakamatwa. Huo si udanganyifu, ndugu, mradi pembe uiandike kwenye ripoti.

Na usikitie mfukoni uende nacho kwa kumbukumbu. Bado kina mionzi, na malango ya CERN yana vipimo vyake.