Mkutano Juu ya Dekoda

Mjini Goma, kifaa kikiharibika hakipelekwi moja kwa moja kwa fundi. Kwanza kinaitishiwa mkutano. Dekoda yetu ilikufa jioni ya mpira, umeme ulipokatika kisha ukarudi kwa hasira. Kabla sijapata bisibisi, parseli nzima ilikuwa imejaa sebuleni: mama mkwe, motari wa pikipiki anayepanga chumba cha nyuma, watoto wa jirani, mpwa wangu anayesoma elektrisite, na Mzee mmoja aliyefanya biashara ya madini ya koltani Rubaya, kule Masisi, hadi miguu ilipomkatalia.

Kazi yangu ilikuwa kushika tochi. Kazi ya wengine wote ilikuwa kujua.

Kifuniko kilipotoka, motari alikiona kile kikopo kirefu kando ya transfoma akasema, "Hiyo ni batri." Ni kapasita, na ile ya upande wa umeme mkubwa inaweza kubaki na chaji hata waya ukiwa umechomolewa. Motari akaigusa miguuni kwa bisibisi, ikatoa cheche, akaridhika kwamba ni batri kweli. Mama mkwe aliona waya wa shaba uliozungushwa kwenye pete, akauliza kwa sauti ya chini kama mwenye duka anajua kwamba alituachia dhahabu.

Penye njia ya umeme palikuwa na kisahani cha buluu kilichopasuka, kimeandikwa 471. Mpwa akatangaza kwamba hicho kinavumilia volti 471. Alikaribia. Kwenye ubao wa saketi, tarakimu ya mwisho huhesabu sifuri: 471 ni 47 na sifuri moja, yaani 470, na 103 kwenye rezista ni 10 na sifuri tatu, yaani omu 10,000. Kisahani chenyewe ni varista: volti zikipita kiasi, humeza dhoruba na kujitoa mhanga ili wenzake wapone.

"Basi huyo amekufa akiwa kazini," akasema mama mkwe. "Mbona na wenzake wamekufa?"

Mpwa akaomba tochi ihamie upande mwingine.

Upande mwingine kulikuwa na kidude cha manjano, kidogo kama punje ya mahindi, chenye mstari pembeni, kimeungua nusu. Motari akasema fyuzi. Watoto wakasema peremende. Mzee, aliyeketi karibu kuliko wote, akaapa kwamba hajawahi kuona kitu hicho maishani mwake.

Kumbe ile ilikuwa kapasita ya tantali, na tantali hutoka kwenye koltani. Rubaya peke yake hukadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya tantali ya dunia, na Mzee huyu amepima magunia yake mpaka akawa anaitambua koltani gizani, kwa uzito tu. Lakini ikishavuka mpaka, ikasafishwa, ikafanywa unga, ikaokwa na kuvalishwa koti la manjano, haisalimiani tena na watu wa kwao.

Mpwa akachomoa nyingine ya namna ileile kwenye ubao wa kompyuta mbovu alioununua mtaani Birere. Alikumbuka somo lake vizuri: kwenye vikopo virefu, mstari huonyesha upande wa hasi. Somo ni la kweli, ila kwenye vile vya manjano mstari huonyesha chanya. Waliopanga hivyo walikuwa mbali sana na sebule yetu. Akachomelea, akawasha.

Paa!

Goma mlio haupuuzwi. Motari alikuwa chini ya meza, watoto chini ya motari, na mama mkwe tayari yuko mlangoni na begi ambalo halijafunguliwa tangu Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021. Ndani ya dekoda mwali ulikuwa ukiendelea bila msaada wa mtu: kapasita ya aina hii ina manganizi dioksidi, ambayo ikipata joto hutoa oksijeni, hivyo moto hujilisha wenyewe. Tantali yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 3,017 za Selsiasi, na lava ya mlima wetu, pamoja na majivuno yake yote, haifiki hata nusu ya hapo.

Mzee peke yake hakukimbia, kwa sababu za miguu. Mpwa alipomweleza kwamba kilicholipuka ni koltani, alikataa katakata. Koltani ni nyeusi, ni nzito, na haina mstari. Akaomba aletewe masalia. Akayaweka kiganjani, akayapandisha na kuyashusha, akayanusa, kisha akatoa hukumu ya mnunuzi:

"Kiwango chake kidogo. Aliyekuuzia amechanganya na mchanga. Kimbia umrudishie kabla hajafunga duka."